Miwani ya VR: Kabla ya kulipa, ipime kwanza simu

ILIKUWA kati ya kipindi cha tatu na cha nne nilipopigiwa simu kutoka Kariakoo, Dar es Salaam. Aliyepiga ni shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, mfanyabiashara mdogo anayevuka mpaka wa Mugina na Manyovu karibu kila mwezi. Mara hiyo hakuishia Kigoma kama kawaida yake. Alipanda basi hadi Dar es Salaam kutafuta bei ya jumla.

“Shemeji, wewe ndiye msomi wetu,” aliniambia. “Hapa kuna miwani ya kutia simu ndani. Unavaa usoni, unaona sinema kama vile uko ndani yake. Boksi limeandikwa VR. Kijana wa duka anasema kwetu itauzika kama njugu. Nichukue?”

Mimi miwani hiyo nilikuwa nimeivaa mara moja tu, dakika kumi hivi, katika semina ya walimu mjini Bujumbura. Nikamjibu kwa sauti ya mtu anayejua: chukua, vijana wataigombania. Akachukua 40. Fedha haikuwa yake peke yake. Ilikuwa ya kikundi chao cha kuweka na kukopa, wanawake 12, wengi wao wakiwa waliorudi nyumbani kambi ya Mtabila ilipofungwa mwaka 2012.

Wiki ya kwanza sokoni Mabanda aliuza visanduku 9. Kabla ya wiki kwisha, 6 vikawa vimerudi. Kila aliyerudisha alikuwa na lalamiko lile lile: ukiinamisha kichwa picha inakubali, ukigeuka kulia au kushoto picha inakataa, imeganda kama kalenda ukutani. Shemeji akadhani ameuziwa mali mbovu. Akanipigia tena, safari hii bila kuniita msomi.

Ndugu msomaji, mali haikuwa mbovu. Kilichokosekana kilikuwa ndani ya simu za wateja, na mimi niliyeulizwa nilipaswa kulijua hilo kabla ya kufungua mdomo. Ndiyo sababu nayaandika haya kwa wenzangu wanaovuka mipaka na mizigo, na kwa wazazi ambao watoto wao wamekwisha kuanza kudai.

Kisanduku hakina kitu

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Wataalamu wa lugha wanaita uhalisia pepe. Jicho la kulia linaonyeshwa picha yake na la kushoto yake, zikitofautiana kidogo, na ubongo unaziunganisha hadi mtu anaona umbali na kina. Kisha picha inageuka kila kichwa kinapogeuka. Hilo la pili ndilo linalomfanya mtu aruke kwa woga na kushika ukuta. Bila hilo, ulichonunua ni sinema iliyosogezwa karibu na pua.

Miwani hii iko ya namna mbili kubwa. Iko inayotegemea simu na iko yenye skrini, vihisi na pengine kompyuta yake ndani. Ile ya simu ndiyo iliyojaa masokoni kwa sababu ni rahisi: ganda la plastiki au la karatasi ngumu, lenzi mbili na mkanda wa kichwani. Kampuni ya Google ndiyo iliyoitangazia dunia wazo hilo mwaka 2014 kwa kisanduku cha karatasi kilichoitwa Cardboard, ambacho wahandisi wake wawili walikibuni wakiwa ofisi ya Paris. Mwaka 2019 Google iliachia programu yake wazi ili kila mtu aiendeleze, na mwaka 2021 ikaacha kuuza visanduku hivyo. Viwanda vya China havikuacha. Hivyo unavyoviona Kariakoo, Kigoma na Bujumbura ni wajukuu wa karatasi ile.

Sasa angalia vizuri. Ndani ya kisanduku cha namna hii hakuna waya, hakuna betri, hakuna chochote kinachofikiri. Kazi yote inafanywa na simu. Kwa hiyo anayechagua kati ya kisanduku cheusi na cheupe, chenye spika za masikioni na kisicho nazo, anachagua nguo. Mwili ni simu.

Jairoskopu ndiyo roho yake

Simu nyingi, hata za bei ya chini, zina kihisi kinachojua kama simu imesimama au imelala. Ndicho kinachoigeuza picha unapoilaza simu ubavu. Kihisi hicho kinatosha kujua umeinama au umeangalia juu, kwa sababu kinapima mvuto wa dunia. Lakini mtu akisimama wima na kugeuka kama anayeitwa nyuma, mvuto haubadiliki, na kihisi hicho hakioni kitu. Anayeona mgeuko huo sawasawa ni kihisi kingine kiitwacho jairoskopu. Simu za bei kubwa zinacho karibu zote. Simu nyingi za bei nafuu, hizo tunazobeba sisi, hazina, kwa sababu mtengenezaji ameona ni mahali pa kupunguzia gharama.

Namna ya kupima haihitaji fundi. Fungua YouTube, tafuta video yoyote ya digrii 360, kisha simama na simu mkononi na ugeuke polepole mzunguko mzima, bila kugusa kioo. Video ikigeuka pamoja nawe kwa ulaini, jairoskopu ipo. Ikikaa palepale na kukubali kusogezwa kwa kidole tu, haipo, na hakuna kisanduku cha bei yoyote kitakachoiweka. Kwa simu nyingi za Samsung iko njia ya pili isiyohitaji intaneti: piga *#0*# kama unayepiga namba, menyu ya majaribio itafunguka, gusa sehemu ya vihisi uone kama jairoskopu imeorodheshwa.

Nilifanya zoezi hilo katika chumba cha walimu shuleni kwetu. Simu zilikuwa 12. Zilizopita ni 5, na moja kati ya hizo ni ya mwalimu ambaye mwanawe yuko Ulaya. Laiti ningefanya hivyo kabla ya kuulizwa!

Jambo la pili ni ukubwa. Cardboard ya mwaka 2015 ilipangwa kwa simu zisizozidi inchi 6. Simu za leo nyingi zimepita hapo, na zipo zinazokataa kuingia au zinazoingia mfuniko ukabaki nusu wazi, mwanga ukapenya pembeni. Usikubali kuambiwa “inaingia zote”. Beba simu ndefu kuliko zote utakayoweza kuazima, uitie mwenyewe dukani. Angalia pia kibanio kisiwe kinagandamiza kitufe cha kuzimia. Hili ni dogo, lakini linaudhi kupita kiasi.

Jambo la tatu ni wingi wa nukta za skrini. Chukua simu ya kawaida yenye nukta 720 kwa 1600. Ndani ya kisanduku, skrini inagawanywa kati, kila jicho linapata nukta 720 kwa 800, kisha lenzi inazikuza. Matokeo yake unaona kama unachungulia kupitia chandarua. Skrini ya nukta 1080 inavumilika. Zaidi ya hapo ni raha.

Kuhusu lenzi, watu wazima wengi wana umbali wa milimita 63 hivi kati ya mboni na mboni, lakini wako wa 56 na wako wa 70. Kisanduku kizuri kina gurudumu juu au pembeni la kusogeza lenzi zikutane na macho ya mtu. Kisicho nalo kitampendeza mmoja na kumuumiza kichwa mwingine. Tazama vilevile kama kuna ile picha ya miraba midogo ya kuskani, kwenye kisanduku au kwenye karatasi yake. Programu za jamii ya Cardboard huisoma ili zijue lenzi zimekaa umbali gani. Isipokuwepo, programu inabahatisha na mistari iliyonyooka inaonekana imepinda.

Mitumba ya kuogopa

Wenzetu wanaochukua bidhaa za mitumba kutoka Dubai wawe macho zaidi kuliko mimi nilivyokuwa. Kuna miwani mizuri kwa sura, mizito, yenye jina kubwa, inayouzwa kwa bei ya kutamanisha. Swali ni kwa nini bei imeshuka.

Samsung Gear VR ndiyo mfano mkubwa. Iliyoingia sokoni mwaka 2015 ilikuwa bora kuliko kisanduku chochote, maana ilikuwa na vihisi vyake yenyewe. Lakini ilikubali simu chache za Galaxy tu, za kuanzia zama za S6 hadi S10, na si kila kisanduku kilikubali kila simu. Samsung iliikata kuanzia Note 10 mwaka 2019. Ukiitia simu ya kampuni nyingine unabaki na lenzi tupu. Daydream ya Google, iliyotangazwa mwaka 2016, nayo iliachwa mwaka 2019. Oculus Go ya mwaka 2018, ambayo haihitaji simu wakati wa kutazama, iliacha kutengenezwa mwaka 2020. Vitu hivi havijaoza, bali duka la programu lililovilisha limefungwa au limedumaa. Mteja wako hatakuelewa ukimweleza hivyo baada ya kumuuzia.

Anayetaka michezo ya kweli

Vijana wenye vibanda vya gemu wananiuliza swali jingine: je, miwani ya simu inafaa kwa biashara ya kuchezesha? Jibu langu ni hapana. Miwani ya simu inajua kichwa kimegeuka, ila haijui mchezaji amepiga hatua, amechutama au amenyoosha mkono. Michezo yake ni ya kutazama na kulenga kwa kichwa, pengine na kirimoti kidogo cha bluetooth. Mteja atalipa mara moja kwa ajili ya kushangaa. Mara ya pili harudi.

Mwenye PlayStation aanze na alichonacho. Miwani ya PlayStation VR ya mwaka 2016 ni ya PlayStation 4. Inahitaji kamera ya Sony na kisanduku chake cha kuchakata picha chenye nyaya nyingi. Kwa mtumba, hakikisha kisanduku hicho na nyaya zake zote vimo, kwani bila hicho haiwaki. PlayStation VR2 ya mwaka 2023 ni ya PlayStation 5, haifanyi kazi na PlayStation 4, wala haichezi diski za ile ya kwanza. Tangu mwaka 2024 kuna kiunganishi cha kuipeleka kwenye kompyuta, lakini hiyo ni kompyuta yenye kadi ya michoro ya nguvu, si ile ya kuchapia barua.

Kisha kuna zile zinazojitegemea kabisa, ambazo zimetawaliwa na kampuni ya Meta, mmiliki wa Facebook, iliyoinunua Oculus mwaka 2014. Quest ya kwanza ilitoka mwaka 2019. Quest 2 ilifuata mwaka 2020, Quest 3 mwaka 2023 kwa dola 499 huko Marekani, na Quest 3S mwaka 2024 kwa dola 299. Kamera zake zinaangalia chumba na kumfuata mchezaji anapotembea. Kwa anayechagua kati ya hizo mbili za mwisho, Quest 3 ina lenzi bora na gurudumu la macho linalokwenda taratibu, wakati 3S ina hatua tatu tu za kusogeza lenzi. Nguvu ya kuendesha michezo ni ile ile. Kwa kibanda cha biashara mimi ningechukua 3S.

Lakini dola 299 za Marekani si bei ya Nyanza-Lac. Ongeza usafiri, ushuru na faida ya kila mkono iliyopitia. Halafu jiulize maswali ya nyumbani. Inahitaji akaunti na intaneti siku ya kuiwasha mara ya kwanza, na michezo inapakuliwa, haiji kwa diski. Kadi ya benki yako inakubaliwa na duka lao? Ulizia kabla, si baada. Kama ni mtumba, aliyekuuzia aondoe akaunti yake mbele ya macho yako. Betri yake inakaa saa mbili na kidogo na haichomoki ili uweke nyingine, kwa hiyo siku umeme umekwenda, biashara imekwenda. Chumba nacho kiwe na nafasi wazi ya mita 2 kwa 2. Nimeona kibanda chenye viti vinane na meza ya bao ambacho mwenyewe aliapa kitatosha.

Kwa watoto, Sony haipendekezi VR yake chini ya miaka 12, na Meta inaruhusu kuanzia miaka 10 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Mimi kama mwalimu ningesema pia dakika 15 zinatosha kwa anayeanza, tena akiwa ameketi. Macho yakisema unakimbia na masikio ya ndani yakisema umekaa, tumbo ndilo linaloamua ugomvi. Anayeanza kutoka jasho la baridi avue mara moja. Na kwa vibanda, sponji ya usoni ifutwe kila mtu anapovua. Ugonjwa wa macho mekundu hauhitaji nauli.

Jua na karatasi

Yako mambo mawili ambayo hakuna aliyenieleza.

La kwanza ni jua. Shemeji aliweka kisanduku kimoja cha maonyesho mezani, simu yake mwenyewe ikiwa ndani, lenzi zikitazama juu. Soko letu halina paa upande ule. Alipogeuka kumpimia mteja kitenge na kurudi, kioo cha simu kilikuwa na alama ya njano iliyoungua, ukubwa wa punje ya mahindi. Lenzi ile ni sawa na kile kioo cha kukuzia tulichokuwa tukiwashia majani makavu utotoni Ulyankulu. Kwa miwani yenye skrini yake ndani hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu skrini ikiungua miwani yote imekwenda. Panga mali yako lenzi zikitazama chini, au zifunike kwa kitambaa. Nyumbani usiiache dirishani.

La pili ni forodha. Tumezoea cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Kinatusaidia kwa mchele, kwa maharage, kwa sabuni ya mawese. Lakini cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Miwani iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Tanzania kwa sababu imelala Kariakoo wiki mbili. Utatozwa ushuru, na thamani itakadiriwa kwa karatasi uliyonayo. Dai risiti ya mashine, si kipande cha daftari. Wasio na risiti wanakadiriwa kwa macho, na macho ya mpakani hayajawahi kukadiria chini.

Pengine msomaji atauliza kwa nini nilijibu haraka vile siku ile. Nitasema ukweli. Mimi nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, wazazi wangu wakiwa wakimbizi wa mwaka 1972. Nilisoma huko hadi nikawa mwalimu, tukarudi mwaka 2009. Jiografia nilifundishwa na mwalimu ambaye bahari aliichora kwa chaki ya bluu, na chaki ya bluu ilipokwisha aliichora kwa nyeupe. Katika semina ile ya Bujumbura walinivalisha miwani, nikajikuta chini ya bahari, samaki mkubwa akapita juu ya kichwa changu, nikainama watu wakacheka. Nilichofikiria ni darasa langu lenye wanafunzi 71. Kwa hiyo shemeji aliponiuliza kuhusu biashara, mimi nilimjibu kuhusu bahari.

Tuliokoa tulichoweza. Wale 6 walirudishiwa fedha zao. Nilimwandikia shemeji kibao kwa Kiswahili na Kirundi: “Simu yako ipimwe kwanza, bure.” Akaweka video moja ya digrii 360 kwenye simu yake ili awaonyeshe wateja jinsi inavyotakiwa kugeuka, kisha kila mteja anazungushwa na simu yake mwenyewe mbele ya meza. Watu walikusanyika kutazama wenzao wakizunguka, na wengine waliondoka na chaja au kava badala ya miwani. Aliyeshindwa jaribio haondoki na kisanduku hata akibembeleza, na wako waliobembeleza.

Mpaka naandika haya, ameuza 22. Mkopo wa kikundi ulilipwa miezi miwili baada ya tarehe, na faini ya kuchelewa niliilipa mimi kutoka kwenye mshahara, bila kuombwa. Jumatatu anavuka tena kwenda Kigoma, anafuata vitenge. Amenitumia ujumbe akiniuliza kuhusu aina fulani ya taa za sola, nami nimemjibu anisubiri nikaulize kwa fundi. Kisanduku kimoja kiko mezani kwa maonyesho, kimefunikwa kitambaa. Vingine 17 viko chini ya kitanda cha mama yake, Mabanda, mbali na dirisha.